Fanya Juu: Historia ya Jembe Ukambani

Kuna maneno mawili ya Kiswahili ambayo mwanafunzi wa kilimo aliye Ethiopia, India au Uholanzi huyakuta kitabuni jinsi yalivyo, bila tafsiri. Si safari, wala si hakuna matata. Ni fanya juu. Ukichimba mtaro kukata mteremko wa shamba, udongo unaoutoa una njia mbili. Ukiutupa upande wa bondeni, hiyo ni fanya chini. Ukiutupa upande wa mlimani, hiyo ni fanya juu. Kutupa juu kunachosha zaidi, uliza mgongo wako. Lakini tuta linalokaa juu ya mtaro huzuia udongo unaoteremka na mvua, msimu baada ya msimu, mpaka mteremko unageuka ngazi. Maji yanasimama, yanazama, mahindi yanakunywa.

Maneno haya yalikulia kwenye vilima vya Ukambani, na ukiyafuata yalikotoka unakutana na historia ambayo shuleni tulipewa kipande tu. Tulifundishwa jina la Muindi Mbingu, tukaambiwa alipinga kupunguzwa kwa ng'ombe, tukaandika kwenye mtihani, kwisha. Hatukuambiwa kwamba ugomvi ule ulikuwa pia ugomvi wa elimu: nani ana haki ya kumfundisha mtu shamba lake, na anamfundisha vipi.

Mimi ni mtoto wa Nairobi ambaye kwao ni Kitui. Siku hizi napita Kwa Vonza kila baada ya miezi michache, kwa sababu mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU kama wanavyokiita wenyewe. Kwa Vonza si mahali pa kupigia picha za Instagram. Ni soko kwenye njia ya Machakos kwenda Kitui: maduka, bodaboda, hoteli za chapati na ndengu, halafu nchi kavu ya vichaka inayoendelea mpaka macho yachoke. Lakini hapohapo kuna chuo kikuu kilichozaliwa ndani ya taasisi ya kilimo, na kuna kijiji ambamo akina nyanya wanalea na kufundisha kilimo watoto ambao wengine si wa damu yao. Nataka kueleza jinsi tulivyofika hapa, maana njia yenyewe inafundisha kuliko mabango yote ya "panda mti" ambayo nimewahi kuona.

Tuanze 1937. Mwaka huo Colin Maher, afisa wa kuhifadhi udongo wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti kuhusu rizavu ya Wakamba ya Machakos. Picha za wakati ule zinatisha kweli. Vilima viko uchi, makorongo mekundu yamechana mashamba. Usidanganywe kwamba mmomonyoko ulikuwa hadithi ya wazungu tu. Ulikuwapo. Swali lilikuwa umetoka wapi, na dawa yake ni gani.

Serikali ilisema ng'ombe ni wengi mno. Wakamba walisema ardhi ni ndogo mno. Walikuwa wamezungushiwa mipaka ya rizavu. Malisho mazuri kuelekea Athi yalikuwa ya walowezi, na nchi ya Yatta, hii inayokaa kati ya Machakos na Kitui, ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza, huwezi kulisha huko bila ruhusa. Juu ya hayo, miaka ya mwanzo ya 1930 ilikuja na nzige, kisha ukame. Mifugo ikabanwa mahali pamoja na nyasi zikaisha.

Dawa ya serikali ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kukamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, wakati ambapo kule Athi River kiwanda kipya cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kinangojea mifugo. Julai mwaka huohuo Wakamba kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, walifunga safari hadi Nairobi wakapiga kambi, wakasema hawaondoki mpaka wamwone gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu, wa chama cha Ukamba Members Association. Walikaa wiki kadhaa. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla ya mwaka kuisha serikali ilikuwa imeachana na kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Leo jina lake liko kwenye barabara ya katikati ya Nairobi, pale City Market. Watu wanapita na maua, na nyama, na simu sikioni. Ni wachache wanaojua kwamba barabara ile ina jina la mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya ng'ombe na nyasi.

Basi somo la kwanza la kuhifadhi udongo Ukambani lilifika likiwa na askari. Ubaya wa somo la namna hiyo hauonekani siku hiyo. Unaonekana baadaye, pale ambapo mtu anamkataa mwalimu na kulikataa somo pamoja naye, hata kama ndani yake mlikuwa na jambo la kweli.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilirudi, safari hii ikiwa na pesa. Mpango wa kuendeleza ardhi za Waafrika, ulioitwa ALDEV, ulianza 1946, na Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, ikapata fungu kubwa. Kulikuwa na mabwawa, kulikuwa na upandaji wa nyasi, kulikuwa na mradi wa kuhamishia watu Makueni kwa masharti ya jinsi watakavyolima. Na kulikuwa na kazi ya lazima: kuchimba mitaro.

Susu yangu, mama yake mama, alikuwa msichana wakati huo. Alikuwa akisimulia kwamba kulikuwa na asubuhi za kazi ya chifu, na asiyetokea anatafutwa nyumbani. Kilichomuudhi zaidi hakikuwa uchovu. Ni kwamba afisa alikuja, akapima mistari yake, akaondoka, kisha mvua ya Novemba ikaja ikajaza mitaro udongo, na wao wakaambiwa wachimbe tena. Hiyo ilikuwa mitaro ya fanya chini: myepesi kuchimba, myepesi kujaa. Mtaro uleule, watu walewale, mwaka unaofuata.

Hapo ndipo jambo la kupendeza lilianza. Wakulima wakaanza kulinganisha. Jirani aliyetupa udongo juu alikuwa na tuta linalodumu, na mvua ikiwa haba shamba lake lilibaki na rangi ya kijani siku kadhaa baada ya mengine kukauka. Jambo kama hilo halihitaji hotuba, unaliona ukipita njiani. Sehemu za Kangundo na Matungulu, Waafrika waliporuhusiwa kulima kahawa miaka ya 1950, matuta ya ngazi yalikuwa sharti, na kahawa ililipa. Sasa tuta lilikuwa na faida unayoweza kuihesabu, yako wewe, si ya bwana shamba.

Jambo la pili lilihusu neno mwethya. Mwethya ni desturi ya zamani ya Wakamba. Una kazi kubwa, labda kujenga nyumba au kufungua shamba, unaita majirani, unawapikia, mnafanya kazi mkiimba, na kesho wewe unaitwa kwao. Serikali ililichukua jina hilo ikalibandika kwenye kazi ya lazima, na kwa muda neno likawa chungu mdomoni. Lakini kufikia miaka ya mwisho ya 1950 idara ya maendeleo ya jamii ilikuwa imebadilisha njia: kikundi kijichagulie viongozi, kiamue chenyewe kitaanza na shamba la nani. Kasi ya kazi ikapanda. Jembe ni lilelile, jua ni lilelile, mlima haujapungua hata hatua moja. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijua siku yake itafika, kikundi kizima kitakuja kwake.

Uhuru ulipokuja 1963, wengi waliweka jembe chini. Unaweza kuwaelewa. Kama mitaro ni ya mkoloni na mkoloni ameondoka, mitaro ya nini tena? Kwa miaka kadhaa kazi ilipungua sana na matuta mengine yakabomoka.

Ungetarajia hadithi iishie hapo, lakini miaka ya 1970 watu walirudi mlimani bila kusukumwa. Familia zilikuwa zimeongezeka na mashamba yamegawanywa, hakuna tena mahali pa kuhamia ukichosha udongo. Wengi walikuwa wameanza kupata hati za ardhi. Nairobi ilikuwa inakua na inataka mboga na matunda. Mwaka 1974 serikali, ikisaidiwa na Uswidi, ilianzisha mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo, ambao ulileta vifaa na mafunzo. Na wanaume wengi wakiwa wameenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, waliobaki kushika jembe walikuwa wanawake. Vikundi vya mwethya vya miaka hiyo ni vya akina mama kwa sehemu kubwa. Wao ndio walioshika kamba yenye kipima maji katikati, mmoja huku na mmoja kule, kutafuta mstari ulio sawa kwenye mlima usio sawa, wakaujua kuliko maafisa.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichowashangaza wengi, More People, Less Erosion. Walifuatilia wilaya ya Machakos tangu miaka ya 1930 hadi 1990. Picha za 1937 zililinganishwa na picha mpya za mahali palepale. Watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 hadi takriban milioni 1.4, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua na miti imeongezeka. Wataalamu waliokuwa wamezoea kusema kwamba watu wengi wanaua ardhi walilazimika kufikiri upya. Kuna waliowapinga pia, na hoja yao ina uzito: waliofaulu zaidi ni wale waliokuwa na mshahara wa mjini unaoingia shambani; maskini wengine waliachwa, wakauza ardhi. Sherehe ya Machakos haikuwa ya kila mtu.

Wala haikuwa ya Kitui. Huku kwetu ni kukavu zaidi, ni mbali zaidi na soko, na pesa za ALDEV na za baadaye zilifika kidogo. Ukambani hutoa njaa majina, kama vile watu wengine wanavyotoa majina ya vita. Ile ya mwanzo wa miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete: nakufa na pesa mkononi. Pesa ulikuwa nazo, chakula cha kununua hakipo. Jina hilo ni somo zima la uchumi kwa maneno mawili.

Jibu la Kitui lilitoka kwenye mito yenyewe. Mito mingi huku hupita maji siku chache za mvua, halafu inabaki barabara ya mchanga. Lakini tangu zamani akina mama wanajua kwamba mto haujakauka, umejificha. Unachimba kithima ndani ya mchanga, unangoja, maji yanapanda. Bwawa la mchanga limejengwa juu ya ujuzi huo. Unatafuta mahali ambapo mwamba uko karibu, unajenga ukuta wa mawe na saruji kukatisha mto. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na kati ya chembe zake maji yanakaa. Robo ya ujazo huo, wakati mwingine zaidi, ni maji. Jua haliyafikii, mbu hawazai humo, ng'ombe hawayachafui. Na ardhi ya pande zote mbili za mto inanyonya, kwa hiyo ukingoni unaweza kulima sukuma wiki na nyanya wakati kijiji jirani kinapanga foleni na punda.

Huko Machakos, kikundi cha Utooni kilianza 1978 kikaja kujulikana kwa mabwawa hayo. Kitui, shirika la SASOL lilianza miaka ya 1990 na kushirikiana na vijiji kujenga mamia yake. Mpango ulikuwa mmoja: shirika linaleta saruji na fundi, kijiji kinaleta mawe, mchanga, maji na mikono. Fundi akiondoka, kuna watu arobaini wanaojua ukuta ule ulijengwaje na ukipata ufa utazibwa vipi. Hiyo ndiyo elimu ninayoizungumzia. Cheti chake ni ukuta usiobomoka.

Na hapa sisi wa Nairobi tunaingia kwenye hadithi, tupende tusipende. Mchanga wa nyumba tunazopanga unatoka wapi? Mwingi umetoka mito ya Machakos, Makueni na Kitui, lori baada ya lori. Mchanga ukiondoka, mto hauna tena mahali pa kuficha maji. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga wake mwaka 2015, kwa sababu watu waliokuwa wamejenga mabwawa kwa mikono yao walikuwa wanaona akiba yao ikipakiwa mchana kweupe.

Sasa nieleze kitu ambacho kinanisumbua. Kama bibi zetu walijua haya yote, mbona mimi na wenzangu tulikua bila kuyajua? Sehemu ya jibu iko shuleni. Katika shule niliyosoma, jembe lilikuwa adhabu. Umechelewa, nenda ukang'oe kisiki. Umeongea lugha ya nyumbani, nenda shamba la shule. Mwanafunzi bora alibaki darasani, mkosaji alipelekwa kulima. Kwa miaka minane tulifundishwa, bila mtu kulisema wazi, kwamba kushika udongo ni dalili ya kushindwa maishani. Ni mwendelezo wa asubuhi za chifu, ila sasa chifu ana chaki.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mapema baada ya uhuru kulikuwa na vilabu vya 4-K shuleni, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambapo watoto walikuwa na vitalu vyao na kufuga sungura na kuku. Vilififia. Serikali ilivizindua upya 2021. Na Wakamba walichanga kwa harambee wapate Taasisi ya Kilimo ya Ukambani, Ukai, kwenye eneo hilihili la Kwa Vonza. Mwaka 2008 palepale pakawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na 2013 kikapata hati yake kamili kama SEKU. Naambiwa na mdogo wangu kwamba wengi wa wanafunzi wenzake hawajui kwamba walipo palianza kama mahali pa kufundisha kilimo cha nchi kavu.

Sehemu nyingine ya jibu ni nzito zaidi. Mwaka 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Tunapoongea kuhusu Ukimwi tunahesabu waliokufa. Ni mara chache tunafikiria walikufa wakiwa na nini kichwani. Ugonjwa huu uliua watu wa umri wa kati, akina baba na akina mama, yaani watu ambao kazi yao kwenye familia ya Kiafrika ni kupokea ujuzi kwa wazee na kuukabidhi kwa watoto. Mtoto hajifunzi kupanda mtama kwa kusikiliza. Anajifunza kwa kutembea nyuma ya mama yake anayefukua shimo, yeye akidondosha mbegu na kufunika kwa mguu. Mama akifa mtoto akiwa na miaka mitatu, hakuna wa kutembea nyuma yake.

Hapo Kwa Vonza kuna kijiji kilichojengwa ili kuliziba pengo hilo. Kinaitwa Nyumbani Village. Angelo D'Agostino, padri Mjesuti aliyekuwa pia daktari, alikuwa ameanzisha makao ya Nyumbani huko Nairobi mwaka 1992 kwa watoto wenye virusi. Wazo lake la pili lilikuwa kijiji cha mashambani kwa waliopotezwa na kizazi cha kati: watoto bila wazazi, na wazee bila watoto wa kuwatunza. Ardhi ilitolewa na Kitui, ekari 1,000 za vichaka, na kijiji kikaanza katikati ya miaka ya 2000. D'Agostino alifariki Novemba 2006, mradi ukiwa mchanga. Kijiji kimekuwa na watoto wapatao elfu moja na wazee kama mia moja. Kila nyumba ina nyanya au babu mmoja na watoto wapatao kumi. Baadhi ni wajukuu wake, wengine wamekuja kuwa wajukuu wake.

Lengo lililowekwa tangu mwanzo ni kwamba kijiji kijilishe na kijitegemee kadiri kinavyoweza, kwa hiyo kilimo pale si somo la Ijumaa mchana. Kuna shule, kuna chuo cha ufundi, kuna bustani, kuna miti inayopandwa leo ili iuzwe kama mbao watoto hawa wakiwa wakubwa. Lakini kwangu mimi mashine kuu ya kijiji kile ni yule nyanya. Yeye ndiye anayejua mbaazi zinapandwa mvua gani, kunde zinakaushwa vipi, ni jani gani la porini linaloliwa wakati wa njaa. Mtaalamu wa kilimo anaweza kuleta bomba la kudondosha maji. Hawezi kuleta miaka sitini ya kuangalia mawingu ya Kitui.

Wakati uleule ambao kijiji hicho kilikuwa kinaanza, kulikuwa na jaribio lingine Kitui, safari hii la serikali. Kati ya 2004 na 2009 Idara ya Misitu, ikisaidiwa na shirika la Japani la JICA, iliendesha mashamba darasa Kitui, Mbeere na Tharaka. Shamba darasa ni njia iliyoanza 1989 Indonesia, kwa wakulima wa mpunga. Kikundi kinakutana kila wiki, shambani, msimu mzima. Mnapanda vipande viwili kwa njia mbili tofauti, mnapima, mnachora mlichokiona, mnabishana, mnaamua. Mwezeshaji haruhusiwi kuhubiri. Ukisikia hivyo unatabasamu, kwa sababu ni mwethya iliyosafiri ikarudi na daftari.

Mti mmoja unaonyesha kwa nini njia hii inahitajika. Mukau ni mti wa asili wa nyanda hizi kavu. Mbao zake ni ngumu, mchwa huzichukia, na unakua haraka kuliko unavyotarajia kwa nchi yenye mvua kidogo. Ila una kiburi. Mbegu imefungwa ndani ya kokwa ngumu kama jiwe. Ukizika kokwa, utangoja sana. Lazima ulipasue bila kuumiza kilicho ndani, ukate ncha ya mbegu kidogo, uiloweke, upasue ganda lake laini kwa wembe, ndipo uioteshe. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kupitia kituo chake cha Kitui, imefanya kazi ya miaka mingi juu ya mti huu. Unaweza kusoma aya hii mara ishirini na usioteshe hata mbegu moja. Lakini ukikaa nusu siku karibu na mama wa kitalu mwenye kisu na kigogo, ukaharibu mbegu kadhaa mbele yake, akakushika kidole akakuonyesha mahali pa kukata, umejua mpaka kufa kwako.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu tuko tena kwenye wakati wa amri kubwa. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa sikukuu ya ghafla nchi nzima, twende tukapande. Sina ugomvi na miti. Nilipanda mmoja, na picha nikapost kama wewe. Lakini nikiitazama hesabu ile ya bilioni kwa jicho la Ukambani, naona mstari wa afisa uliopigwa mlimani. Idadi inatoka juu. Miche inakuja na lori. Kiongozi anapanda wa kwanza, kamera zinaondoka. Na huku kwetu mvua za mwisho wa mwaka zikishapita, mche unakuwa na miezi ya jua mbele yake.

Historia hii imeshatupa maswali ya kuuliza. Mti huu ni wa nani ukikomaa? Nani aliuchagua, mukau au mti wa kigeni uliopatikana kwenye tenda? Anayeupanda anajua kuuotesha mwingine kutoka mbegu, au atangoja lori? Na kikundi kitarudi lini kwenye shamba la jirani yake? Mwaka 1938 majibu yote yalikuwa mabaya, watu wakapiga kambi Nairobi. Miaka ya 1950 majibu yalichanganyika, na matuta yakachanganyika vilevile. Miaka ya 1970 majibu yalikuwa mazuri zaidi, na matuta hayo bado yapo.

Wazee wanaokumbuka mwethya wa hiari wanapungua. Nyanya aliyekuwa na miaka thelathini wakati mpango wa Uswidi ulipoanza ana zaidi ya themanini leo. Kuna vijana wengi Nairobi wanaolipa pesa nzuri wikendi kufundishwa kutengeneza mboji na kulima kwenye magunia, na ni jambo zuri, wala siwacheki. Ila wengi wao wana mtu nyumbani anayejua zaidi, na hajawahi kuulizwa.

Ukipanda gari la Kitui, usilale ukifika Machakos. Angalia vilima vya Iveti. Ile mistari inayofuatana kutoka kileleni hadi chini ilichimbwa kwa mkono, yote. Baadhi yake ilichimbwa kwa woga wa chifu, mingine kwa wimbo na chungu cha isyo, na ukiwa garini huwezi kuitofautisha. Aliye na shamba pale anaitofautisha. Gari likifika Kwa Vonza, mpigie simu mtu wako wa kijijini, umuulize Jumamosi wanachimba wapi.